Jibu Bila Njia

Betarte, uliweka kidole chako cheusi
juu ya chuma cha Morris ya kaka yangu
ukasema: ufa.
Neno moja, kisha ukarudia kibuyu chako cha mate,
ukanyonya kwa mrija wa bati mpaka kikakoroma,
kana kwamba umemaliza kumzika mtu.

Nilitazama ulipogusa.
Mstari, ndiyo. Mwembamba kama unywele wa mtoto,
kati ya silinda ya pili na ya tatu.
Wáshington, kijana wako wa kushika taa, alitikisa kichwa
kabla hata taa haijafika.

"Bloku imekwisha. Kuna injini ya Bedford kule Salto,
inaingia, ukikata kidogo hapa na hapa."

Ukikata kidogo!
Miaka miwili nimekwangua kutu,
nimeshona viti kwa sindano ya magunia,
nimeuza ndama wawili na cherehani ya mama
ili pikapu hii irudi ilivyokuwa mwaka hamsini na mmoja,
nawe wataka niipandikize moyo wa lori.

Sikatai, oili ilikuwa nyeupe.
Dipstiki niliichomoa mwenyewe, nikaona
rangi ya chai iliyozidishwa maziwa.
Maji yameingia pasipo pake, hilo tumekubaliana.
Lakini maji yana njia nyingi, Betarte.
Kwangu hupita paani, kwa jirani hupanda sakafuni,
na sote tunakimbilia ndoo ileile.

Nikakuuliza gasketi umeiweka wapi.
Ukasema umeitupa, ya nini, imeungua.
Imeungua wapi?
Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa umri.

Bwana, nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja
hapa hapa Paysandú.
Jibu bila njia nalipa sifuri,
hata likiwa sahihi.

Basi nikaipeleka bloku nyumbani kwa mkokoteni wa muuza kuni.
Jikoni, usiku, nikaupaka mstari wako mafuta ya taa,
nikangoja, nikafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu.
Kisha chaki. Boksi la mwisho nililoondoka nalo shuleni;
nikaisaga kwa chupa, nikainyunyiza kama unga mezani.
Ufa hunywa, na mnywaji hajui kutunza siri:
ukiwepo, mafuta yatapanda
yaandike kijivu juu ya weupe.

Saa sita. Saa saba.
Wahenga wameonya, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema neno juu ya anayejengeshwa ukuta
na ufa haupo.

Saa tisa chaki ilikuwa nyeupe.
Ndipo nikaanza kuishuku chaki.
Pengine imeshika unyevu. Pengine mafuta yalikuwa machache.
Pengine nataka mno,
maana kutaka nako ni gasketi iliyoungua,
hupitisha kila kitu.

Nikafuta. Nikapitisha ukucha.
Ukakwama.
Mstari ulikuwa na mdomo, umeinuka upande mmoja
kama udongo kando ya mtaro uliochimbwa.
Tindo, Betarte.
Eliseo na pupa yake, akibandua gasketi ya zamani
ile Jumapili ya mvua,
mimi nimemshikia mwavuli namwambia polepole, polepole,
naye ananiambia nyamaza, mwalimu.

Nimekaa na kovu hilo hadi birika likakauka jikoni.

Kesho nitakuja na bloku, chaki yake ingali juu.
Sitasema ulinidanganya.
Najua miwani unaiacha nyumbani
kijana asikuone mzee.
Nitakuomba tu tulipindue lile pipa la takataka,
tuitafute gasketi, tuone imeungua wapi.

Na ikiwa si pale nidhaniapo,
nipe kigoda, nipe huo mrija,
tuanze hesabu upya:
wewe utaje njia, hatua kwa hatua,
mimi nishike taa.